Pombe mezani, bangi kashoni: tulifikaje hapa?



Siku si nyingi nilikuwa kwenye kilio cha jirani. Wanaume waliketi chini ya hema la plastiki, kasiye mbili za bia katikati yao, na bidoni ya kasiksi pembeni. Papa mmoja alikuwa amelewa tangu asubuhi. Alimtukana shemeji yake mbele ya wafiwa, kisha akaanguka karibu na moto wa wapishi. Watu walicheka. Vijana wawili walimwinua, wakamlaza kwenye mkeka, na mama mmoja akamfunika kitenge.

Usiku huo huo polisi walimkuta kijana wa chukudu nyuma ya ukuta, ana msokoto mmoja wa bangi. Hakumtukana mtu, hakuanguka. Lakini hapo hakuna aliyecheka. Alipelekwa kasho, na asubuhi mama yake alizunguka mtaa mzima akikopa franka za kumtoa. Yule papa wa jana, macho yakiwa bado mekundu, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa: «Hii bangi itatumalizia watoto.»

Sisemi haya ili tumcheke mzee wetu. Nami nilikaa pale, chupa yangu mkononi, na nilikubali kwa kichwa kama wengine. Ni baadaye tu, nikirudi nyumbani, ndipo nilijiuliza: nani alituambia kwamba mlevi ni mtu wa kufunikwa kitenge, na mvuta bangi ni mtu wa kufungwa? Ukiwauliza wazee, wengi watajibu kwamba pombe ni desturi ya mababu na bangi ni uhuni ulioletwa. Nimefuata historia ya nchi yetu ili nione kama jibu hilo linasimama. Halisimami.

Vyote viwili ni vya zamani

Pombe ni ya zamani kweli. Huku Kivu ndizi zilikamuliwa na mtama ukachachushwa kabla ya mzungu yeyote kufika. Fizi, Maniema na Kasai watu waligema michikichi. Pombe hiyo ilikuwa na kazi yake: kupokea wakwe, kumaliza ugomvi, kulipa faini mbele ya chefu, kuwakumbuka waliokufa. Watu walikunywa pamoja, mara nyingi kwenye kibuyu kimoja, na mzee ndiye aliyejua nani anywe na nani asubiri. Pia haikukaa. Kasiksi ya leo, baada ya siku chache ni siki. Kwa hiyo ulevi ulikuwa na siku zake, haukuwa kila siku.

Lakini bangi nayo si mgeni wa jana. Jina lenyewe lilitoka India, likavuka bahari pamoja na wafanyabiashara, likaingia katika Kiswahili cha pwani, na Kiswahili kikalileta hadi kwetu. Upande wa magharibi, kuelekea Angola, watu waliita mmea huo liamba, riamba au diamba, na watumwa waliovushwa Atlantiki walifika na jina hilo Brazil. Wazungu walipoingia bara katikati ya Afrika katika karne ya 19, waliukuta mmea huu tayari uko, unavutwa katika vibuyu vyenye maji.

Basi umri hautoshi kueleza tofauti. Na kuna sehemu moja ya Kongo yetu ambako mambo yaligeuzwa kabisa: bangi ilipewa heshima na pombe ikafukuzwa.

Wana wa bangi wa Kasai

Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwa watu wa Lulua, karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Kananga. Chefu mkubwa aliyewapokea aliitwa Kalamba Mukenge. Waliyoyaona kwake waliyaandika, na ndiyo sababu tunayajua.

Watu wa Kalamba walijiita Bena Riamba, maana yake wana wa bangi. Miaka michache kabla ya hapo, wakati wafanyabiashara Wachokwe kutoka kusini walipokuwa wanaleta bunduki na kutafuta pembe za ndovu, sehemu ya watu wale walianza mwenendo mpya. Waliacha dawa na hirizi za zamani. Vijiji vilivyokuwa vinapigana bila kupumzika vilifanya mapatano. Katika urafiki huo mpya, bangi ndiyo iliyokuwa alama. Jioni watu walikusanyika uwanjani, kibuyu kikubwa kikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Mapatano na viapo vilithibitishwa kwa kuvuta pamoja. Salamu yao ilikuwa «moyo», yaani uzima, na hata leo ukimsalimu mtu wa Kasai utalisikia neno hilo.

Na pombe ya michikichi? Ilikatazwa. Wale waliokuwa wameingia katika mwenendo huo waliiona kama kitu cha zamani, chenye kuleta ugomvi. Aliyekosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi nyingi mno, mpaka azimie. Yaani hata adhabu yao ilikuwa bangi.

Wandugu, tusiipake hadithi hii sukari. Si Walulua wote waliokubali. Wengine walishika ya zamani, na kulikuwa na mvutano kati yao. Kalamba alikuwa mtawala, naye alijua kwamba kuwaunganisha watu chini ya alama moja kunamwongezea nguvu. Bangi haikuwageuza malaika. Jambo la kutazama hapa ni kwamba Wakongomani hawa walikaa, wakapima vitu viwili, wakachagua kinyume cha tulichochagua sisi. Kwao, yule papa wa kilio ndiye angeitwa mhuni, na kijana wa chukudu angekuwa amefanya jambo la kawaida, mradi asivute peke yake gizani.

Kutoka kwa Kalamba, Wissmann alisonga mbele kuelekea mashariki. Mwaka 1882 alipita Nyangwe, Maniema, kwa waungwana wa Kiswahili, akaendelea hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Miaka miwili baadaye alirudi, safari hii kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Mwaka 1884 kituo cha Luluabourg kikaanzishwa. Wana wa bangi walikuwa wamewapa wageni hawa wapagazi na njia. Baadaye Kalamba na dola ya Leopold waligombana, na ule utawala wa kibuyu ukafifia.

Bulamatari na hesabu yake

Sasa tuangalie aliyeandika sheria. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalisaini mkataba huko Bruxelles. Pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, waliwekea mipaka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, walitia saini mkataba mwingine juu ya pombe kali. Walisema wanamlinda Mwafrika. Labda wengine waliamini hivyo. Lakini pombe hiyo hiyo iliendelea kuwa mezani kwa mzungu wa Boma na wa Léopoldville. Sheria haikusema pombe kali ni mbaya. Ilisema ni mbaya mdomoni mwa mtu mweusi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Bangi ilipigwa marufuku mwaka 1903, chini ya dola ya Leopold. Tukumbuke mwaka huo ulikuwa wa namna gani. Ulikuwa wakati wa mpira, wa vijiji kulazimishwa kuleta vikapu vya utomvu, wa wapagazi wasiolipwa. Serikali ile haikuwa na sifa ya kulinda afya ya watu. Ilihitaji mikono ya kazi. Malalamiko ya wakoloni juu ya bangi yalikuwa kwamba inamfanya mtu mvivu, haamki, haendi kubeba mzigo. Kipimo kilikuwa kazi ya bwana.

Kwa bia hesabu ilikuwa nyingine. Mwaka 1923 kampuni ya kutengeneza bia iliundwa Léopoldville, na kabla ya miaka ya 1920 kwisha, Primus ilikuwa inatoka kiwandani. Katanga nayo ilipata kiwanda chake wakati huo huo. Bia ilikuwa na faida ambazo bangi haikuwa nazo. Chupa inahesabika. Chupa inalipa kodi. Mfanyakazi aliyepata mshahara Jumamosi aliurudisha Jumapili, na fedha ikazunguka katika mikono ile ile. Bangi, kinyume chake, inaota nyuma ya nyumba; haihitaji kiwanda wala leseni, na haimpi mkubwa kitu.

Na kama mnadhani ni bangi peke yake iliyofukuzwa, waulizeni mama zetu. Pombe ya kuchemshwa nyumbani, ile inayoitwa lotoko Kinshasa, lutuku Katanga, na kanyanga huku kwetu, ilikatazwa na wakoloni, na katazo halikufutwa uhuru ulipofika. Polisi walivunja mitungi na kumwaga. Hivyo tukapata ngazi tatu: bia ya kiwanda ni heshima, kanyanga ya mama ni faini, bangi ni kasho. Ukitazama vizuri, ngazi hizo hazifuati ukubwa wa madhara. Zinafuata nani anauza na nani anakusanya kodi.

Dunia nzima ilikwenda njia hiyo. Mwaka 1925, huko Genève, bangi iliingizwa katika mkataba wa afyuni, Misri ikiwa mstari wa mbele kuomba hivyo. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulikusanya dawa za kulevya katika mkataba mmoja, na bangi ikawekwa kundi moja na heroini. Pombe haikuingia humo. Mataifa yaliyokaa mezani yalikuwa na mashamba ya zabibu, viwanda vya bia na wiski. Nani angejitia mwenyewe kwenye orodha?

Bia ya uhuru

Bia iliingia hata katika siasa ya uhuru. Patrice Lumumba, baada ya kutoka gerezani, alifanya kazi Léopoldville katika kampuni iliyotengeneza bia ya Polar, mshindani wa Primus. Alizunguka katika baa za mji akiitangaza, na kwa kazi hiyo alijulikana, akajifunza kuongea mbele ya watu. Uwanja wa kwanza wa waziri mkuu wetu katika mji mkuu ulikuwa nganda. Hatuwezi kufikiri jambo la namna hiyo kwa bangi.

Tangu wakati huo bia haikutoka kwenye sherehe. Iko kwenye mahari, ubatizo, kura, matanga. Wanamuziki wakubwa wa Kinshasa wameitangaza. Na hapa mashariki kila mmoja ameona jambo hili wakati wa vita: barabara imefungwa, dawa hazifiki, unga umepanda bei, lakini bia utaipata.

Makanisa na misikiti hayakuwa na sauti moja. Kanisa la Kimbangu linakataza pombe na tumbaku pamoja. Waislamu wa Kasongo na Kindu wanajua katazo lao. Wapentekoste wengi wa Kivu hawagusi chupa. Wakatoliki wanakemea ulevi kuliko kinywaji chenyewe. Juu ya bangi, karibu wote wanapatana. Kwa hiyo kijana anayekunywa ana mahali fulani pa kukaa bila aibu. Anayevuta hana.

Woga wetu una sababu yake

Hapa nisimame upande wa wazazi, maana najua mnachotaka kuniambia. Mtasema: «Mwandishi, wewe unaongea historia, sisi tumeona kwa macho.» Ni kweli. Tangu vita vya 1996, watoto wengi walichukuliwa na vikundi vyenye silaha, wale tuliowaita kadogo, na wengi wao walipewa bangi ili wasiogope. Kwa mama aliyekimbia kijiji usiku, harufu ya bangi ni harufu ya mtu mwenye bunduki aliyepiga mlango teke. Woga huo haukuandikwa Bruxelles. Unatoka mwilini, na mtu asije kuwaambia ni ujinga.

Lakini tukumbuke kumbukumbu yote, si nusu. Watoto wale walipewa pombe pia. Na wanaume waliopiga milango teke, wangapi walikuwa wamelewa bia? Bangi ilibeba lawama ya vita. Pombe ilikuwa mle mle, ikatoka mikono safi.

Waganga wanasema nini

Tukiacha desturi na woga, tubaki na mwili wa binadamu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 pombe ilihusika katika vifo vipatavyo milioni 2.6 duniani. Inaharibu ini, inaleta saratani, inaongeza ajali na ngumi za nyumbani. Kanyanga iliyochanganywa vibaya inaweza kuwa na sumu ya kumpofusha mtu au kumwua kwa usiku mmoja. Mama mwenye mimba akinywa, mtoto aliye tumboni anakunywa naye.

Bangi haiui kwa namna hiyo. Mtu kufa kwa sababu tu amevuta nyingi ni jambo lisilosikika karibu kabisa. Lakini si majani ya chai. Kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, kuvuta kila siku kunaharibu kumbukumbu na masomo. Kwa wengine kunafungua mlango wa wazimu, hasa kama ukoo una ugonjwa huo au mtu ameona mambo mazito. Na kambi zetu zimejaa watu walioona mambo mazito. Moshi wake unaumiza kifua, na dereva wa moto aliyevuta ni hatari kama aliyekunywa.

Dunia imeanza kupima upya. Uruguay iliihalalisha bangi mwaka 2013, Kanada mwaka 2018. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima kuitumia faraghani si kosa. Hata jirani yetu Rwanda mwaka 2020 ilifungua njia ya kuilima kwa ajili ya dawa na kuuza nje, ingawa kuivuta huko bado ni kosa. Tazameni: mmea uliokuwa laana, siku ulipopata kiwanda na leseni, ulianza kuitwa zao. Ni hesabu ile ile ya chupa. Hapa Kongo bado ni kosa, na siwaambii mtu avunje sheria. Anayefungwa ni mtoto wa maskini, na anayelipa ni mama yake.

Basi tufanye nini nyumbani?

Siandiki ili bangi iingie mezani pamoja na bia. Ninaandika kwa sababu ya mambo matatu ninayoyaona kila wiki.

La kwanza: papa anayekunywa chakula cha watoto hatumwiti mgonjwa wala mkosefu; tunasema «amechoka, vita imemvunja». Mke wake akija na jicho lililovimba tunamshauri avumilie. Kama vita imemvunja, basi anahitaji msaada, si chupa nyingine, na mke wake anahitaji ulinzi leo. Kicheko chetu pale kwenye kilio kilikuwa sehemu ya ugonjwa.

La pili: kijana anayevuta tunamkataa kabla ya kumwuliza. Wengi huanza kwa sababu hawalali. Wanasikia milio ya risasi ambayo ilishanyamaza. Ukimfukuza nyumbani, atakwenda kwa wale watakaompa bangi bure na bunduki juu yake. Mpelekeni kituo cha afya kama kuna mtu wa kusikiliza. Kama hakuna, mzee mmoja mwenye subira ni bora kuliko kasho.

La tatu: mama anayepika kanyanga ili watoto wale, tusimwage mtungi wake kisha tukamwacha na njaa. Tumtafutie mtaji wa kuuza kitu kingine, ndipo tumwambie aache. Yeye mwenyewe anajua kile anachouza. Mara nyingi mume wake ndiye mteja wa kwanza.

Watu wa Kalamba walikosea mengi, lakini walithubutu kukaa uwanjani na kuulizana: kitu gani kinatugombanisha, na kitu gani kinatupatanisha? Sisi hatujawahi kuulizana. Tuliirithi ngazi ya Bulamatari, tukaiita desturi ya mababu.

Yule kijana alitoka siku ya tatu. Mama yake bado analipa deni. Juzi nilimwona anasukuma chukudu yake imejaa kasiye za bia, zinakwenda kwenye harusi. Askari alimsimamisha, akatazama mzigo, akampisha apite.